Tuwaenzi wapangaji wa muziki wangali hai

MPANGAJI, kwa wengi wetu, ni mtu aliyekodi chumba cha mwenziwe na ambaye kila mwisho wa mwezi hubishiwa hodi na mwenye nyumba. Katika muziki neno hili lina maana nyingine, ingawa maana hizo mbili hazikutupana mbali kama mtu anavyoweza kudhani. Mpangaji wa muziki naye huingia katika nyumba iliyojengwa na mwingine, yaani wimbo wenye mtunzi wake, akazisogeza samani, akafungua madirisha na kuamua nani akae wapi. Amalizapo kazi, nyumba hupendeza. Wageni wajapo humsifu mwenye nyumba, wakawasifu na waliowapokea mlangoni. Mpangaji hatajwi.

Leo nataka kumtaja mmoja wao. Jina lake ni Thad Jones, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1923 na kufariki mwaka wa 1986. Nataka pia kuitaja santuri iliyorekodiwa mbele ya hadhira mjini Copenhagen, Denmark, mwaka wa 1978, na bendi kubwa ya redio ya taifa ya nchi hiyo. Katika ukumbi huo wanamuziki walioajiriwa na redio walipiga muziki alioupanga Jones, naye mwenyewe akiwa amesimama mbele yao. Naona kwamba katika kitendo hicho mna somo kwa walimu na wanafunzi wetu, hasa wale ambao kila mwaka huenda kwenye mashindano ya muziki.

Kabla ya kuvuka bahari, hebu tuanzie nyumbani, maana kazi ya kupanga muziki si ngeni kwetu hata kama jina lake ni geni. Kila mwanafunzi wa Kenya huimba wimbo wa taifa kwenye gwaride la asubuhi. Lahani ya wimbo huo ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa kandokando ya Mto Tana. Mwaka wa 1963, nchi ilipokuwa ikijiandaa kupata uhuru, tume ya watu watano ilikabidhiwa jukumu la kuandaa wimbo wa taifa. Watu hao walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Waliitwaa lahani ambayo mama alikuwa akimwimbia mwanawe usingizini, wakaifanya wimbo wa kuimbwa na maelfu ya watu waliosimama wima. Safari hiyo ya kutoka kwenye mbeleko hadi uwanja wa gwaride ndiyo upangaji wa muziki. Sasa jiulize, ewe mwanafunzi, ni mara ngapi umeuimba wimbo huo, na ni majina mangapi kati ya hayo matano uliyapata kuyasikia?

Katika muziki wa jazi kazi ya mpangaji ni nzito zaidi, kwa sababu ya ukubwa wa bendi. Bendi kubwa ya jazi huwa na watu 16 hadi 18: tarumbeta nne au tano, tromboni nne, saksafoni tano, na nyuma yao piano, gitaa, besi na ngoma. Watu wanne wanaweza kupanda jukwaani bila karatasi, wakaelewana kwa kutazamana macho, na muziki ukatoka mtamu. Watu 17 wakijaribu hivyo, utakachosikia ni kelele za mnadani. Lazima awepo mtu aliyeketi peke yake usiku kucha, kalamu mkononi, akaamua kwamba hapa saksafoni ziulize na tarumbeta zijibu. Hapa tromboni zinong'one chini ya mpiga solo. Hapa wote wanyamaze, besi ibaki ikitembea pekee. Kila mchezaji huandikiwa karatasi yake. Mwalimu aliyewahi kuipangia kwaya sauti nne anaijua jasho hiyo. Mpangaji wa bendi kubwa huitoka kwa sauti 13 za kupulizwa, na bado hajaigusa ngoma.

Licha ya hayo yote, sifa humwendea mwingine. Mwaka wa 1955 bendi ya Count Basie ilirekodi "April in Paris", wimbo ambao lahani yake ilitungwa na Vernon Duke. Rekodi hiyo ilivuma ulimwenguni, na hadi leo wapenzi wa jazi husema ni wimbo wa Basie. Mpangilio wake, pamoja na ule mwisho unaorudiwa baada ya msikilizaji kudhani kwamba mambo yamekwisha, ulikuwa wa mpiga kinanda aliyeitwa Wild Bill Davis. Ni wangapi wanaomjua Davis? Tarumbeta inayosikika ikipiga solo katika rekodi hiyo ni ya kijana aliyekuwa amejiunga na Basie mwaka wa 1954. Huyo ndiye Thad Jones.

Jones alizaliwa Pontiac, katika jimbo la Michigan, nyumba iliyojaa muziki. Kaka yake, Hank, alikuwa mpiga piano mashuhuri. Mdogo wake, Elvin, ndiye aliyepiga ngoma katika kundi la John Coltrane. Thad alijifunza tarumbeta mwenyewe, na alipofika umri wa miaka 16 alikuwa tayari akilipwa kwa kuipiga. Alikaa na Basie hadi mwaka wa 1963. Katika miaka hiyo watu walimjua kwa pumzi yake, lakini mwenyewe alikuwa akizidi kuvutwa na kalamu.

Baada ya kuondoka, Basie alimwagiza amwandikie muziki wa kutosha santuri nzima. Jones aliandika. Basie alipousikia aliona kwamba haukuoana na mtindo wa bendi yake, akamrudishia makaratasi yake. Wangapi kati yetu, wakirudishiwa insha na mwalimu, huitupa jaani na kusema kwamba mwalimu haelewi? Jones aliyahifadhi makaratasi yale. Mwishoni mwa mwaka wa 1965, yeye na mpiga ngoma Mel Lewis waliunda bendi yao jijini New York, na muziki uliokataliwa ukawa msingi wa bendi mpya. Kama lile jiwe la waashi katika Maandiko, kilichotupwa kando ndicho kilichoishikilia nyumba.

Tarehe 7 Februari 1966, siku ya Jumatatu, bendi hiyo ilipiga kwa mara ya kwanza katika Village Vanguard, ukumbi mdogo ulio chini ya ardhi. Jumatatu ilichaguliwa kwa sababu ndio usiku ambao wanamuziki wengi walikuwa hawana kazi. Mchana walitafuta riziki studioni, wakirekodi matangazo ya biashara na nyimbo za watu wengine. Jumatatu usiku waliteremka ngazi za Vanguard wakapiga walichokipenda kwa ujira mdogo. Zama za bendi kubwa kuzunguka Marekani nzima zikichezesha watu dansi zilikuwa zimekwisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Gharama za kuwasafirisha, kuwalisha na kuwalaza watu 17 zilikuwa zimewashinda viongozi wengi. Muziki wa Jones, basi, uliishi kwa mapenzi ya waliojitolea.

Ulaya mambo yalikuwa mengine, na hapa ndipo redio inapoingia. Redio za taifa za nchi kadhaa za huko ziliajiri bendi zao wenyewe kama zinavyoajiri watangazaji na mafundi wa mitambo. Redio ya Denmark iliunda bendi yake kubwa mwaka wa 1964. Wachezaji walipokea mshahara. Walikuwa na mahali pa kufanyia mazoezi, mafundi wa kurekodi na kabati la kutunzia nota. Fedha zilitokana na ada iliyolipwa na kila mwenye redio au televisheni, awe anaipenda jazi au haipendi. Mwaka wa 1977 Thad Jones alikabidhiwa bendi hiyo aiongoze. Fikiria, ndugu msomaji, hali ya mtu ambaye kwa miaka kumi na zaidi alikuwa akiisikia kazi yake usiku mmoja kwa juma, sasa amepewa watu ambao kuupiga muziki wake ni ajira yao.

Matunda yake ndiyo rekodi ya mwaka wa 1978, iliyofanywa katika ukumbi wa Montmartre, Copenhagen. Ukumbi huo ulikuwa na jina kubwa kwa wapenzi wa jazi. Humo walikuwa wamepiga Wamarekani waliohamia Ulaya, akina Dexter Gordon na Ben Webster. Redio ilikuwa na studio, na ingeweza kuifanya kazi hiyo humo, kipande baada ya kipande, kosa likitokea mtu akarudia. Iliamua kuitoa bendi nje, ikaipeleka mahali ambapo watu wameketi na vinywaji vyao na ambapo kosa likitoka halirudi.

Uamuzi huo ulimfaa Jones kuliko sherehe yoyote. Wenye kumjua husimulia kwamba alikuwa kiongozi asiyeikubali karatasi iwe na neno la mwisho, ijapokuwa aliiandika yeye. Akiwa mbele ya bendi aliweza kwa ishara ya mkono kuinyamazisha piano, besi na ngoma ili mpiga solo abaki akiogelea peke yake, kisha kwa ishara nyingine akawarudisha wote kwa kishindo. Aliweza kumwongezea mtu nafasi ya kubuni kwa sababu ameona usiku huo ana jambo la kusema. Kwa hiyo mpangilio wake haukuwa umekamilika ulipokauka wino. Ulikamilika jukwaani, mbele ya watu, na usiku wa pili ulikamilika kwa namna nyingine. Muziki wa mtu wa aina hiyo ukiurekodi studioni, umepata kiwiliwili chake. Ukitaka kuipata na roho yake, huna budi kumrekodi akiwa kazini, mbele ya wanaomsikiliza.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kuna njia nyingi za kumtukuza mtu. Waweza kumpa cheti, kumvisha nishani, kumsomea risala ndefu huku jua likimchoma. Waweza kulipa barabara jina lake. Copenhagen ilifanya hivyo pia, kwani kusini mwa jiji hilo iko barabara iitwayo Thad Jones Vej, na kaburi lake limo katika jiji hilohilo. Haya yote ni mema. Lakini barabara haipigi tarumbeta, na nishani haimwambii kijana wa kesho namna saksafoni tano zinavyoweza kusikika kama pumzi ya mtu mmoja. Kwa mpangaji wa muziki heshima ya kweli ni moja tu: kazi yake ipigwe vizuri, mbele ya watu, jina lake litajwe, na ihifadhiwe. Bendi ya redio ya Denmark ilimtendea Jones hayo manne akiwa hai, macho yake yakiona na masikio yake yakisikia.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kisa hiki kinatudai tuutazame msemo huo upya, maana mtu huyu alitunzwa zaidi ugenini. Hata hivyo, kwao hakukusahaulika, na sehemu hii ya kisa ndiyo inayonigusa kuliko zote.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jones alihamia Denmark moja kwa moja. Wenzake wa New York walishangaa. Mel Lewis, aliyekuwa ameishika bendi ile pamoja naye tangu mwanzo, aliachwa kwenye mataa, na watu wengi hawakutarajia bendi idumu. Lewis angeweza kuyafungia makaratasi ya Jones sandukuni kwa uchungu, na nani angemlaumu? Aliendelea kuyapiga kila Jumatatu. Huko nyuma Basie alifariki mwaka wa 1984, na mwaka uliofuata Jones akaitwa kuiongoza bendi ya Basie, bendi ileile ambayo zamani haukuwafaa muziki wake. Afya haikumruhusu kukaa sana. Alirejea Copenhagen, na tarehe 20 Agosti 1986 akaiaga dunia.

Februari 1988 Mel Lewis aliiketisha bendi katika ukumbi uleule wa Village Vanguard, akarekodi mbele ya hadhira muziki wa yule aliyemwacha. Rekodi hizo zilitolewa kwa jina "The Definitive Thad Jones". Miaka miwili baadaye Lewis naye alifariki. Hakuiacha hotuba yoyote ya kumsamehe rafikiye inayojulikana kama rekodi hizo zinavyojulikana. Ameuacha muziki, umepigwa kwa uangalifu wa mtu anayetunza mali ya mwenziwe. Bendi yao, ambayo sasa huitwa Vanguard Jazz Orchestra, imeendelea na Jumatatu zake. Na Jim McNeely, aliyejiunga na bendi ya Jones na Lewis mwaka wa 1978 akiwa mpiga piano, aliiongoza bendi ya redio ya Denmark kuanzia mwaka wa 1998 hadi 2003. Uzi haukukatika.

Yupo msomaji atakayeuliza: yatuhusu nini sisi haya ya Wazungu na jazi yao, ilhali shule zetu zina upungufu wa madawati? Na ni haki kumtoza raia ada ili watu 17 wapulize tarumbeta? Swali la pili huulizwa hata huko kwao. Mwaka wa 2014 redio hiyohiyo ya Denmark iliivunja mojawapo ya okestra zake, iliyokuwa imeundwa mwaka wa 1939, ili kupunguza matumizi. Kwa hiyo tusidhani kwamba wenzetu wana mti wa fedha. Wao pia hupima, hubishana na hukata. Lakini kilichokwisha kurekodiwa hakikatwi. Ule usiku wa Montmartre haugharimu senti zaidi leo, na bado unafundisha.

Ama swali la kwanza, jibu lake liko katika shule zetu. Kila mwaka, mashindano ya muziki yanapokaribia, mwalimu fulani huketi jioni akausikiliza wimbo wa jadi aliopewa na bibi kizee wa kijijini. Huugawa kwa sauti, akaamua kayamba iingie wapi, wavulana wajibu lini, ni nani mwenye sauti ya kuanzisha. Huo ni upangaji kamili. Hauna upungufu wowote mbele ya ule wa Jones, isipokuwa idadi ya tarumbeta. Kwaya hushinda, kombe huenda shuleni, picha ya mwalimu mkuu na kombe hubandikwa ofisini. Mwaka unaofuata mwalimu huhamishwa. Mara nyingi karatasi za wimbo, ikiwa ziliandikwa, hupotea pamoja na masanduku yake. Na ikiwa hazikuandikwa, wimbo hubaki vichwani mwa wanafunzi hadi wamalize kidato cha nne. Baada ya hapo haupo. Tumepoteza wimbo wa bibi na kazi ya mwalimu kwa mkupuo mmoja.

Kuyazuia hayo hakuhitaji bendi ya redio wala mishahara ya Denmark. Kwanza, mpangilio na uandikwe, kwa nota au kwa herufi za solfa, na nakala ibaki katika maktaba ya shule. Pili, jina la mpangaji, pamoja na la aliyeutoa wimbo, na liandikwe kwenye programu na kutamkwa jukwaani kabla kwaya haijafungua kinywa. Tatu, siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa wamejaa uwanjani, kazi za mwalimu mmoja aliyetumikia kwa muda mrefu na ziimbwe mfululizo, yeye akiwa ameketi mbele, na mtu arekodi. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kuifanya kazi iliyohitaji gari zima la mitambo mwaka wa 1978. Nne, redio zetu, kuanzia ile ya taifa, zipokee rekodi kama hizo na kuzitangaza pamoja na majina ya wenyewe.

Nawe mwanafunzi, usingojee mkubwa akuanzishie. Ukisikia wimbo ukakupendeza, usiishie kuuliza ni nani anayeimba. Uliza na ni nani aliyeupanga. Swali hilo likizoeleka midomoni mwa vijana, majina yaliyofichika yatalazimika kutajwa.

Tuna desturi ya kumngoja mtu afe ndipo tumkusanyikie, tumwimbie kwa sauti zote nne na kueleza jinsi alivyokuwa nguzo. Maiti hasikii besi. Mwalimu aliyetupangia nyimbo bado yuko. Yumkini amestaafu na yuko shambani kwake akipalilia mahindi. Mpelekeeni kwaya.